Pumzi Haingoji Rufaa

Leo nataka tuzungumze juu ya pumzi ya binadamu: jinsi inavyokatika ghafla, jinsi inavyorudishwa, na nani hasa mwenye nafasi ya kuirudisha kabla mambo hayajaharibika.

Niseme mapema ninaloliamini, ili unisikilize ukijua ninakoelekea. Katika kaunti zetu hizi mbili, Migori na Homa Bay, mtu aliyekatika pumzi huokolewa na yule aliye karibu naye, mwenye mikono iliyozoea kazi. Mashine za gharama kubwa zina kazi yake, lakini zamu yake huja baadaye. Kwa hiyo tukitaka watu wetu wasife kwa kukosa hewa, tuanzie kwenye mikono hiyo.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa, huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Kutoka Migori hadi Kisumu kwa barabara ni zaidi ya kilomita 150. Mvuvi aliyezama karibu na kisiwa cha Mfangano lazima avushwe kwa boti hadi Mbita, kisha asafirishwe kwa gari hadi Homa Bay. Hakuna ambulensi, hata ikipiga king'ora namna gani, inayoweza kuzishinda dakika tano kwa masafa hayo. Pumzi haingoji rufaa.

Sasa tuangalie pumzi inavyozibwa. Mtu akipoteza fahamu, misuli yake yote hulegea, na ulimi hulegea pamoja nayo. Akiwa amelala chali, ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Utamsikia akikoroma, au utasikia majimaji yakigugumia kooni. Wapo watakaosema, "Amelala huyo, mwacheni apumzike." La hasha. Kukoroma huko ni dalili ya njia ya hewa inayofunga. Ukimwinua kidevu na kukilaza kichwa nyuma kidogo, au ukiisukuma taya ije mbele kama ameumia shingo, mara nyingi ulimi huondoka njiani na hewa ikapita. Tendo hilo ni bure, nalo huchukua sekunde chache tu.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Ya pili ni mfuko na barakoa, kifaa ambacho wauguzi wengi hukiita Ambu, kwa jina la chapa yake ya kwanza. Kilibuniwa nchini Denmark na mhandisi Holger Hesse pamoja na daktari wa nusukaputi Henning Ruben, kikaingia sokoni mwaka 1956. Ni mfuko wa mpira unaojijaza wenyewe hewa baada ya kubinywa, hivyo hauhitaji umeme. Unaweza kuutumia katika zahanati ya Muhuru Bay usiku wa manane taa zikiwa zimezimika.

Lakini usidhani ni kazi nyepesi. Muuguzi hukaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Kwa mkono wa kushoto, kidole gumba na cha shahada huibana barakoa usoni, na vidole vitatu vilivyobaki huushika mfupa wa taya na kuuinua kuelekea kwenye barakoa. Vidole hivyo lazima vikae juu ya mfupa. Vikiteleza na kubonyeza nyama laini iliyo chini ya kidevu, vitausukuma ulimi uzibe koo tena. Mkono wa kulia huubinya mfuko taratibu, kwa muda wa sekunde moja, na macho yasibanduke kifuani. Kifua kikiinuka, hewa imeingia. Kisipoinuka, basi hewa inavuja pembeni mwa barakoa, au kichwa kimekaa vibaya, au koo limejaa matapishi. Kwa mtu mzima ni pumzi moja kila sekunde tano au sita. Muuguzi akipapatika na kubinya kwa nguvu mfululizo, hewa hukimbilia tumboni, tumbo hufura, mgonjwa hutapika, na matapishi huingia mapafuni. Ndiyo maana wakiwapo watu wawili ni heri: mmoja aishike barakoa kwa mikono yote miwili, mwenzake abinye mfuko.

Hatua ya tatu ndiyo ile inayotajwa sana hospitalini, ya kumtia mgonjwa mrija wa kupumulia. Mgonjwa hupewa oksijeni ya kutosha kwanza, kisha dawa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli. Daktari au mtaalamu wa nusukaputi hutumia laringoskopu, chombo chenye taa na bapa la chuma, kuuinua ulimi mpaka azione nyuzi za sauti, halafu hupitisha mrija katikati yake hadi kwenye koo la hewa. Hapo kuna hatari kubwa. Nyuma ya koo la hewa kuna umio, njia ya chakula. Mrija ukiingia humo na mtu asigundue, kila pumzi anayopewa mgonjwa inakwenda tumboni, naye hufariki huku watu wakiamini anapumulishwa. Ushahidi wa kutegemewa kwamba mrija umekaa mahali pake ni kifaa kinachopima kaboni dioksidi inayotoka na pumzi.

Na mrija ukishaingia, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mgonjwa huyo anahitaji mashine ya kupumulia au mtu wa kubinya mfuko saa zote. Anahitaji oksijeni isiyokatika, umeme, dawa za kumtuliza, chombo cha kunyonya makohozi, na muuguzi asiyeondoka. Mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, watafiti wa shirika la KEMRI-Wellcome Trust walihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia katika Kenya nzima. Kaunti 22 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa na chumba cha wagonjwa mahututi. Vitanda vimeongezeka tangu wakati huo, lakini hesabu ile ilituonyesha ukweli: mgonjwa anaweza kutiwa mrija leo na kesho akakosa mahali pa kulazwa nao.

Siudharau mrija. Mtu aliyeungua uso na kuvuta moshi, ambaye koo lake litavimba na kuziba baada ya saa chache, anauhitaji mapema. Aliyeumia kichwa vibaya na kuzama katika usingizi mzito anauhitaji pia. Hospitali zetu za rufaa, ile ya Kaunti ya Migori na ile ya Mafunzo na Rufaa ya Homa Bay, zinastahili kuwa na wataalamu wa nusukaputi wa kutosha, mchana na usiku. Ninachokataa ni ile dhana kwamba bila mrija hakuna tiba.

Dhana hiyo imepimwa. Huko California, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto 830 waliohitaji kupumulishwa kabla ya kufika hospitali. Baadhi ya siku wahudumu wa ambulensi walitumia mfuko na barakoa peke yake, siku nyingine waliruhusiwa kutia mrija. Matokeo yalitolewa mwaka 2000, nayo yalisema hivi: mrija haukuongeza idadi ya watoto waliopona. Hao walikuwa wahudumu wenye mafunzo, katika miji yenye barabara nzuri na hospitali za karibu. Kwetu sisi, wenye safari ndefu na wataalamu wachache, somo hilo lina uzito zaidi.

Na historia inatuonyesha kwamba mikono inaweza kufanya kazi iliyozishinda mashine. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko wa polio. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliopooza misuli ya kupumulia na kutibiwa kwa mashine za wakati ule, 27 walikufa. Daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen akashauri njia nyingine. Alianza na msichana wa miaka 12: akafunguliwa tundu shingoni, mrija ukapitishwa, na pumzi zikaingizwa kwa mfuko uliobinywa kwa mkono. Msichana akaokoka. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, miezi kadhaa, wakibinya mifuko kando ya vitanda. Vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Huduma ya wagonjwa mahututi ulimwenguni ilizaliwa hapo, mikononi mwa vijana.

Lakini, msikilizaji wangu, hatuna haja ya kwenda Copenhagen kutafuta ushahidi. Ushahidi tunao hapa Migori.

Kati ya mwaka 2016 na 2018, Kaunti ya Migori na eneo la Busoga nchini Uganda zilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa juu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Uliongozwa na Dilys Walker wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, Phelgona Otieno wa KEMRI, na Peter Waiswa wa Chuo Kikuu cha Makerere. Vituo 20 vya afya vilishiriki. Vyote vilisaidiwa kuboresha uwekaji wa kumbukumbu na kutumia orodha ya ukaguzi wakati wa kuzalisha. Nusu yake, yaani vituo 10, viliongezewa mambo mawili: mazoezi ya kuigiza dharura, na vikao vya wahudumu vya kutafuta njia za kuboresha kazi yao.

Mazoezi yenyewe yalifanyika papo hapo kituoni, na vifaa vilevile vya kila siku. Mmoja wa wahudumu huvaa suruali iliyoshonwa maalumu kwa mafunzo, akajifanya mama anayejifungua, akalia na kuuliza maswali kama mama wa kweli. Mtoto wa bandia hutoka hapumui. Wenzake wamkaushe, wamsugue mgongo, wamfungue njia ya hewa, waushike mfuko na barakoa, huku wakizungumza na mama na kuitana kwa majina. Baada ya hapo huketi pamoja na kuulizana: tulifanya nini vizuri, nani alichelewa, barakoa ndogo ilikuwa wapi? Hakuna kuaibishana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika vituo ambavyo havikupata mazoezi, watoto 23 kati ya kila 100 wa kundi hilo dhaifu walizaliwa wakiwa wamekufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa, au walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Katika vituo vilivyopata mazoezi na vile vikao, walikuwa 15. Mazoezi hayo yaligusa mambo mengi, pamoja na kumkumbatisha mtoto kifuani kwa mama na kumkinga na baridi, kwa hiyo hatuwezi kusema mfuko peke yake ndio uliookoa wote. Lakini tunaweza kusema hili bila kusita: mpango huo haukutegemea jengo jipya wala mashine ya ajabu. Wauguzi walewale, katika vyumba vilevile, walifanya mazoezi pamoja, na watoto wakaishi.

Majirani zetu wa Tanzania wameona mambo ya namna hiyo. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walipima kwa saa muda unaopita kabla mtoto asiyepumua hajapewa pumzi ya kwanza kwa mfuko. Kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Na waligundua jambo jingine ambalo ningependa viongozi wetu walisikie vizuri. Mafunzo ya siku moja yalipotolewa, wauguzi walifaulu mtihani, lakini wodini mambo hayakubadilika. Ni pale walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, ya dakika chache kandokando ya chumba cha kujifungulia, ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Hakuna timu ya kandanda inayofanya mazoezi mara moja kwa mwaka hotelini, ikapewa vyeti, halafu ikategemea kushinda. Mbona basi wauguzi wetu tunawafanyia hivyo? Semina ya siku tatu mjini, posho, picha ya pamoja, basi. Mwaka mzima unapita, na siku mtoto anapotoka amelegea, barakoa haijulikani iko kabati gani na funguo anazo nani.

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, kama watano hadi kumi huhitaji kukaushwa na kusuguliwa ili waanze kupumua. Watatu hadi sita huhitaji mfuko na barakoa. Wanaohitaji mrija hawafiki mmoja. Fedha zetu za afya zifuate hesabu hiyo.

Kwa hiyo nasema na serikali za kaunti zetu mbili. Kwanza, kila chumba cha kujifungulia, kila chumba cha dharura na kila ambulensi iwe na mfuko, barakoa za saizi zote, na chombo cha kunyonya uchafu, mahali pa wazi pasipofungwa. Pili, mazoezi ya dakika kumi kila wiki yawe sehemu ya zamu. Tatu, oksijeni. Mfuko unaobinywa na hewa ya kawaida huokoa wengi, lakini mapafu yenye nimonia yanataka zaidi. Jirani zetu wa Siaya walionyesha njia mwaka 2014, pale kampuni ya Hewatele iliyoanzishwa na daktari Bernard Olayo ilipoanza kuzalisha oksijeni katika hospitali ya kaunti badala ya kungoja mitungi kutoka mbali. Nne, wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe kufungua njia ya hewa. Shirika la Lwala, kule Kamagambo Kaskazini hapa Migori, limedhihirisha kwamba hata mkunga wa jadi akifunzwa vizuri na kulipwa, huwa mhudumu wa kutegemewa.

Wala si hisani tunayoomba. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inafafanua kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa. Anayemweka mgonjwa nyuma ya gari akiwa anakoroma chali na kusema "pelekeni Kisumu" hajampa rufaa iliyotajwa na sheria.

Sasa narudi kwako wewe uliyeshika redio yako. Shika na haya.

Ukikuta mtu ameanguka na bodaboda, hana fahamu lakini anapumua, tafuta wenzako mumgeuze alale ubavu, kichwa, shingo na mwili vikienda pamoja. Msimkalishe wima kati ya watu wawili juu ya pikipiki. Kidevu kitaanguka kifuani na kuziba njia ya hewa, mfike hospitalini na maiti. Usimpe maji.

Mtoto akishikwa na degedege, au mtu na kifafa, usimtie kijiko mdomoni wala kidole. Ondoa vitu vya kumuumiza, mtetemo ukitulia mgeuze ubavu, kisha mkimbize hospitali.

Aliyeopolewa ziwani akiwa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo kutoa maji. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpe pumzi tano kinywa kwa kinywa. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo. Aliyezama amekosa hewa, basi hewa ndiyo dawa yake ya kwanza.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja akisakamwa na njugu au mwiba na hawezi kukohoa wala kulia, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, mvute tumbo juu ya kitovu kwa ndani na juu mara tano. Kwa mtoto mchanga wa chini ya mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua mara tano. Tumbo lake usiliguse.

Na nyinyi mnaochimba dhahabu Nyatike na Macalder: mwenzenu akizimia shimoni, msimfuate mmoja baada ya mwingine. Hewa iliyomwangusha itawaangusha nanyi. Ingizeni hewa kwanza, na anayeshuka afungwe kamba.

Mwisho, nina ombi moja. Wiki hii, nenda kwenye zahanati iliyo karibu na kwako, iwe ya serikali au ya misheni, ukaulize kwa heshima: "Dada, mfuko wa kupumulisha mnao? Uko wapi? Mara ya mwisho mlifanya mazoezi lini?" Jibu likiwa zuri, mpe shukrani. Likiwa baya, mwulize mwakilishi wadi wako swali hilohilo mbele ya watu, kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti. Maswali ya wananchi yana nguvu kuliko tunavyodhani.